Jua la mchana, baridi ya usiku: Mbinu za kupasha nyumba joto bila makaa

KILA mwaka mwezi wa Juni unapoingia, wakazi wengi wa Limuru, Kinangop, Nyahururu, Molo na viunga vya Eldoret hurejelea desturi moja isiyo salama. Jiko la makaa huwashwa nje mpaka moshi ukatike, kisha hubebwa hadi ndani, mlango ukafungwa na nyufa za madirisha zikazibwa kwa matambara ili joto lisipotee. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi unaoonekana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hivi. Aliyelala haamshwi na chochote. Habari za watu waliokutwa wamekufa vitandani, jiko likiwa limezimika kando yao, si ngeni kwa wasomaji wa magazeti nchini.

La kusikitisha ni kwamba saa chache kabla ya jiko hilo kuingizwa ndani, jua lilikuwa limemwaga juu ya paa la nyumba hiyo hiyo kawi nyingi kuliko iliyohitajika. Kenya hupokea wastani wa kilowati-saa 4 hadi 6 za kawi ya jua kwa kila mita mraba kwa siku. Hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwashwa kwa saa mbili mfululizo hutumia kilowati-saa 4. Kwa maneno mengine, eneo dogo la paa, lisilozidi ukubwa wa meza ya chakula, hupokea katika siku ya kawaida kawi inayotosha kuendesha hita hiyo saa mbili au zaidi. Kwa hivyo, tatizo si uhaba wa joto. Tatizo ni saa zake. Joto huja mchana, wakati watu wako shambani, kazini na shuleni, na huondoka jioni, wakati baridi inapoanza kuuma.

Karibu kila jaribio la kupasha majengo joto kwa jua, tangu karne ya 19 hadi leo, limekuwa jaribio la kuziba pengo hilo la saa.

Wahandisi huzigawa mbinu zinazotumika katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, nyumba yenyewe ndiyo mtambo. Madirisha hunasa jua, sakafu na kuta huhifadhi joto, nayo hewa husambaa vyumbani kwa nguvu zake za kimaumbile, bila pampu, feni wala swichi. Katika kundi la pili, nyumba hufungwa mitambo juu ya paa, ikawekewa mabomba, pampu au feni, pamoja na tangi au shimo la kuhifadhi joto mpaka litakapohitajika. Kwa wepesi wa maelezo, la kwanza litaitwa hapa mbinu tulivu na la pili mbinu ya mitambo. Mpaka kati yake haukuchorwa kwa rula. Nyumba nyingi huchanganya zote mbili.

Kuna jambo linalofaa kutenganishwa mapema. Watu wengi wasikiapo habari za kawi ya jua hufikiria zile paneli zinazozalisha umeme wa taa, televisheni na kuchaji simu. Paneli hizo hugeuza takriban sehemu moja kati ya tano ya kawi ya jua kuwa umeme, na nyingine yote hupotea. Kifaa kilichoundwa kunasa joto lenyewe, mathalani kile cha kupasha maji ya kuoga, huweza kunasa nusu au zaidi. Anayetaka kuwasha redio anahitaji paneli. Anayetaka joto hana haja ya kuligeuza jua kuwa umeme, kisha augeuze umeme huo kuwa joto tena.

KIOO NA UKUTA

Yeyote aliyewahi kuingia katika matatu iliyoegeshwa juani, vioo vikiwa vimefungwa, anafahamu nusu ya mbinu tulivu. Nuru ya jua hupenya kioo bila shida, ikagonga viti, navyo viti vikapata joto. Joto hilo hutoka vitini kwa mawimbi ya namna nyingine ambayo kioo hakiyapitishi kwa urahisi, na hewa iliyopata joto nayo haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha kubwa linaloelekea jua hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kulihifadhi joto hilo. Chumba chenye dirisha kubwa na sakafu nyepesi ya mbao hupata joto la kuchosha saa nane mchana na kuwa baridi saa mbili usiku. Chumba chenye dirisha lile lile lakini chenye sakafu nene ya saruji, au ukuta wa mawe unaopigwa na jua, hakipandi sana mchana wala hakishuki sana usiku. Mawe, saruji, udongo na maji humeza joto polepole na kulirudisha polepole. Ndiyo sababu nyumba ya mabati matupu huwa kama tanuri adhuhuri na jokofu alfajiri: bati halina uzito wa kuweka akiba ya joto.

Mmoja wa watu wa kwanza kulitumia wazo hili kwa makusudi alikuwa Mmarekani Edward Morse wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Morse hakuwa mhandisi. Alikuwa mtaalamu wa wanyama aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa viumbe wa baharini wenye makombe, na baadaye kwa maandishi yake kuhusu Japani. Aligundua kwamba pazia jeusi lililoning'inizwa nyuma ya dirisha lenye jua huzua mkondo wa hewa moto kati yake na kioo. Mwaka wa 1881 alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa kifaa chake: bamba jeusi lililowekwa nyuma ya kioo kwenye ukuta wa nje, na matundu ya kuingiza hewa hiyo moto chumbani. Kifaa kilifanya kazi, lakini jua lilipotua nacho kililala.

Ilibidi dunia ingoje hadi miaka ya 1960 ndipo Mfaransa Félix Trombe, akishirikiana na msanifu majengo Jacques Michel, alipolipa wazo hilo uzito wa kudumu hadi usiku. Walijenga nyumba zao za majaribio mwaka wa 1967 huko Odeillo, kijiji cha milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa, karibu na mahali ambapo Trombe alishughulikia tanuri kubwa la jua linaloweza kufikisha nyuzijoto zaidi ya 3,000. Ukuta wa nyumba hizo ulioelekea kusini ulikuwa wa zege nene, ukapakwa rangi nyeusi, kisha vioo vikawekwa mbele yake kwa nafasi ndogo ya hewa. Juu na chini ya ukuta kulikuwa na matundu.

Namna ukuta huo unavyofanya kazi ni jambo la kupendeza. Mchana, hewa iliyo kati ya kioo na ukuta hupata joto, ikapanda na kuingia chumbani kupitia matundu ya juu, huku hewa baridi ya chumbani ikivutwa kupitia matundu ya chini. Wakati uo huo joto jingine huanza safari ya polepole ndani ya zege. Kwa wastani, joto husafiri ndani ya ukuta wa mawe au saruji kwa mwendo wa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, kwa saa. Jua linalopiga ukuta wa inchi nane saa sita mchana huanza kuhisiwa upande wa ndani mnamo saa mbili usiku, pasipo mtu yeyote kugusa chochote. Unene wa ukuta basi ndio saa ya nyumba. Mjenzi huchagua wakati ambao joto litafika.

Nyumba za kwanza za Odeillo zilikuwa na ukuta wa takriban sentimita 60, na wajenzi waliofuata waliuona mnene kupita kiasi. Wengi hutumia sentimita 20 hadi 40. Matundu nayo yalifunza somo lake. Yakiachwa wazi usiku, mkondo hugeuka: hewa hugusa kioo baridi, ikazama na kumwagika chumbani kupitia matundu ya chini, na ukuta uliojengwa kuleta joto ukawa unalifukuza. Kifuniko chepesi kinachojifunga chenyewe hutosha kuzuia balaa hilo.

Mahali ambapo mbinu tulivu imethibitisha thamani yake kwa watu wa kipato cha chini ni Ladakh, kaskazini mwa India, penye vijiji vilivyo katika mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Huko kuni ni haba na kinyesi cha mifugo kilichokaushwa ndicho nishati ya wengi. Usiku wa majira ya baridi halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sufuri na hata zaidi, lakini mchana anga huwa jeupe na jua huwaka. Shule ya SECMOL iliyo karibu na mji wa Leh, ambayo mhandisi Sonam Wangchuk ni miongoni mwa waanzilishi wake, ina majengo ya udongo ulioshindiliwa, marefu kutoka mashariki hadi magharibi, yenye vioo upande wa kusini. Baridi inapokaribia, karatasi ya plastiki ya aina ile ile wanayoijua wakulima wa Kenya wanaopanda nyanya hufungwa mbele ya ukuta wa kusini. Kiangazi kinapofika, hukunjwa. Wanafunzi huishi humo nyuzijoto zikiwa zaidi ya 10, ilhali nje maji yameganda.

Udongo, kioo na plastiki, basi. Hakuna kilichoagizwa kutoka ng'ambo ya milima isipokuwa vioo na karatasi hiyo.

PAMPU, MATANGI NA CHUMVI

Mbinu ya mitambo ilizaliwa kutokana na swali lililo wazi: itakuwaje jua likikosa kuonekana kwa siku tatu, au miezi mitatu? Ukuta hauwezi kuhifadhi joto la wiki nzima. Tangi linaweza, likiwa kubwa vya kutosha.

Mwaka wa 1939, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ilijenga nyumba ndogo ya majaribio chini ya usimamizi wa Profesa Hoyt Hottel. Juu ya paa kulikuwa na mabamba meusi yenye mabomba ya maji chini ya vioo. Pampu ilizungusha maji hayo hadi katika tangi la zaidi ya lita 60,000 lililochukua nafasi kubwa chini ya sakafu. Joto la kiangazi lilihifadhiwa humo mpaka majira ya baridi, na nyumba ikapata joto. Ila gharama ya tangi kubwa namna hiyo kwa nyumba ya vyumba viwili haikuweza kutetewa na mtu yeyote mwenye hesabu timamu.

Hapo ndipo alipoingia mwanasayansi mzaliwa wa Hungary, Maria Telkes. Yeye alipendekeza kuachana na maji na kutumia chumvi. Si chumvi ya mezani, bali sodiamu salfeti yenye maji ndani yake, ambayo huyeyuka inapofika takriban nyuzijoto 32. Kitu kinapoyeyuka humeza joto jingi bila kuzidi kuwa moto, na kinapoganda hulirudisha lote. Kilo moja ya chumvi hiyo ikiyeyuka humeza joto ambalo lingetosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzijoto 60 hivi. Maana yake ni kwamba akiba ile ile ingeweza kutoshea mahali padogo zaidi.

Nyumba yake ilijengwa mwaka wa 1948 katika mji wa Dover, Massachusetts, na ni mojawapo ya majengo yenye historia ya pekee katika uwanja huu. Msanifu alikuwa mwanamke, Eleanor Raymond. Aliyegharamia ujenzi alikuwa mwanamke, mchongaji sanamu Amelia Peabody. Na sayansi ilikuwa ya Telkes, katika enzi ambapo wanawake wahandisi walihesabika kwa vidole. Sehemu yote ya juu ya upande wa kusini ilikuwa ukuta wa vioo vyenye mabamba meusi nyuma yake. Feni zilivuta hewa moto kutoka hapo na kuipitisha kwenye vyumba vidogo vilivyojaa mapipa ya chumvi, takriban tani 20. Usiku feni nyingine zilipuliza joto la chumvi hiyo hadi katika vyumba vya kulala. Nyumba haikuwa na tanuri la mafuta wala la makaa.

Misimu miwili ya kwanza ilikwenda vyema. Msimu wa tatu, mambo yaliharibika. Chumvi iliyokuwa imeyeyuka na kuganda mara nyingi ilijitenga kwa matabaka, iliyo nzito chini na maji juu, ikakoma kuganda ipasavyo. Mapipa nayo yalishika kutu na kuvuja. Hatimaye nyumba iliwekewa tanuri la kawaida. Wapo waliomcheka Telkes, lakini kicheko hicho hakikuwa cha haki. Wazo la kuhifadhi joto katika kitu kinachoyeyuka halikufa, na bado linatumika katika vifaa mbalimbali. Kilichoshindwa ni chumvi ile na mapipa yale.

Mfano wa karibuni unatoka Kanada. Katika mji wa Okotoks, kusini mwa Calgary, mtaa wa nyumba 52 uitwao Drake Landing ulianza kupashwa joto la jua mwaka wa 2007. Mitambo 800 hivi juu ya paa za gereji ilinasa joto la kiangazi, na pampu zikalipeleka ardhini kupitia visima vyembamba 144, kila kimoja kikiwa na kina cha mita 37. Ardhi yenyewe iligeuzwa tangi. Majira ya baridi yalipoingia, joto lilivutwa kutoka huko hadi katika nyumba. Katika msimu wa 2015 hadi 2016 mtaa huo ulipashwa joto kwa jua pekee, asilimia 100, mahali ambapo theluji ni jambo la kawaida.

Lakini mitambo huzeeka. Vipuri vilianza kuharibika, kuvipata na kuvirekebisha kukawa ghali, na mwaka wa 2024 hatua za kuuvunja mfumo huo zilianza, nyumba zikielekezwa kwenye tanuri za gesi. Ulikuwa umefanya kazi kwa miaka 17 hivi. Kwa upande mwingine, ukuta mnene hauna kipuri cha kuharibika. Ukifanyiwa usafi wa vioo na kupakwa rangi upya, huendelea na kazi yake kwa muda wote utakaosimama. Tofauti hii ndiyo inayopaswa kumshughulisha mtu wa kijijini zaidi kuliko asilimia zinazotajwa na wauzaji wa mitambo.

MAMBO NI TOFAUTI KATIKA IKWETA

Maelezo mengi kuhusu nyumba za jua yaliandikwa Ulaya na Marekani Kaskazini, na yakinakiliwa yalivyo humpotosha mjenzi wa Kenya. Yote husema dirisha kubwa lielekee kusini. Mjini London mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri husimama digrii 15 tu juu ya upeo wa macho, upande wa kusini. Miale yake huingia dirishani karibu kwa kunyooka na kufika mpaka ukuta wa ndani. Nairobi, iliyo kusini kidogo mwa ikweta, hali ni nyingine kabisa. Mnamo Juni 21, msimu wa baridi ukiwa umeanza, jua la adhuhuri husimama kiasi cha digrii 65 juu ya upeo wa macho, na tena upande wa kaskazini. Liko juu mno. Hupiga paa kwa nguvu zake nyingi na dirisha kwa ubavu tu.

Hata hivyo, kuna bahati iliyojificha katika hali hiyo. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri la Nairobi huwa upande wa kaskazini. Miezi mingine huwa kusini. Dirisha la kaskazini basi huingiza jua katika miezi ya baridi na kubaki kivulini Januari na Februari, miezi ya joto kali. Mjenzi anayeweka sebule yenye madirisha makubwa upande wa kaskazini na stoo upande wa kusini hajatumia hata shilingi moja ya ziada. Michoro mingi ya nyumba haitilii maanani jambo hili. Nyumba hugeuzwa iangalie barabara, popote barabara ilipo.

Pingamizi lililopo ni mawingu. Baridi ya Julai jijini Nairobi na katika miteremko ya Kiambu, Murang'a na Nyeri hutokana kwa kiasi kikubwa na mawingu mazito ya chini yanayofunika anga. Baridi inapokuwa kali zaidi, ndipo jua linapokuwa haba zaidi, na hakuna mbinu ya jua inayoweza kulikwepa hilo kikamilifu. Mara nyingi mawingu hayo hutawanyika alasiri, na hapo dirisha la magharibi huwa na faida kuliko la mashariki. Magharibi mwa Bonde la Ufa, pande za Eldoret na Kitale, mambo huelekea kinyume: mvua ya msimu huo hupenda kunyesha alasiri na asubuhi kuwa na jua, hivyo dirisha la mashariki ndilo lenye kazi. Ushauri mmoja kwa nchi nzima haupo. Anayeishi Mombasa au Kisumu, bila shaka, anahitaji kivuli na upepo, wala hana haja na makala ya namna hii.

Lakini baridi ya nyanda za juu haiishii Julai. Kinangop na Ol Kalou hupata baridi kali usiku wa Januari na Februari, mara nyingine hata jalidi inayochoma majani ya viazi, ilhali mchana wake anga ni jeupe na jua ni kali. Hiyo ndiyo hali ya Ladakh kwa kipimo kidogo, na ndipo akiba ya joto ukutani inapofaa zaidi. Mawe ya inchi tisa yanayotumika kujengea katika sehemu nyingi za nyanda za juu ni mazito vya kutosha. Kwa mwendo wa inchi moja kwa saa, jua linalopiga ukuta huo saa tisa alasiri lingefika chumbani saa sita usiku. Kinachokosekana ni kioo. Ukuta usiofunikwa hupoteza joto lake kwa upepo kabla halijasafiri popote. Veranda iliyozungushiwa vioo, au hata karatasi ya plastiki ya greenhausi inayoweza kukunjwa msimu wa joto, hubadili hesabu hiyo.

Ajabu ni kwamba penye upotevu mkubwa zaidi hapahusiani na jua hata kidogo. Nyumba nyingi za mashambani zina mabati juu na hazina dari. Usiku wa anga jeupe, bati hutoa joto lake kuelekea angani kwa kasi mpaka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo sababu alfajiri matone hudondokea vitandani ingawa mvua haikunyesha: ni unyevu wa pumzi za waliolala, uliogusa bati baridi ukageuka maji. Kuongeza madirisha ya jua katika nyumba ya namna hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Dari ya mbao, ya jipsamu, au hata ya magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa huleta nafuu kuliko mtambo wowote wa bei hiyo. Baada ya dari huja nyufa za milango, kisha mapazia mazito yanayofungwa mara tu jua linapotua, kwa kuwa kioo kilichokuwa kikiingiza joto mchana ndicho kinacholitoa usiku.

Wazee walilijua hili bila vipimo. Nyumba za msonge za Wakikuyu na Wakalenjin zilikuwa na nyasi nene juu na udongo ukutani. Nyasi huzuia joto lisitoke, udongo huliweka. Mabati yalileta faida nyingi, ikiwemo maji safi ya mvua na kinga dhidi ya moto, lakini yalipochukua nafasi ya nyasi, hakuna aliyefidia blanketi lililoondolewa.

Kuhusu mitambo, Kenya ina uzoefu zaidi katika maji kuliko katika hewa. Kanuni zilizotolewa na serikali mwaka wa 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua inayotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo. Hazikugusa vyumba. Mafundi wa kufunga mitambo hiyo ya maji wapo katika miji mingi, na maji yale yale yanaweza kuzungushwa katika mabomba chini ya sakafu ya bweni au wodi. Kwa nyumba ya familia moja, gharama ya pampu, mabomba na tangi ni vigumu kuihalalisha ilhali dari haijawekwa. Kwa shule ya bweni au zahanati iliyo katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, yenye watu wengi chini ya paa moja na mtu wa kuitunza mitambo, hesabu inaweza kuwa tofauti.

Kuna tahadhari moja ambayo mafundi hawana budi kuwaeleza wenye nyumba kabla ya kuziba ufa wa kwanza. Nyumba ya nyasi ilikuwa na moto katikati usiku kucha, na moshi na gesi vilipenya polepole kupitia paa. Nyumba yenye dari, vioo na milango iliyozibwa sawasawa haina mwanya huo. Inahifadhi joto, na kwa sababu iyo hiyo inahifadhi gesi. Jiko la makaa likiingizwa humo katika wiki ile moja ya Julai ambayo jua halikuonekana, hatari yake inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa katika nyumba ya zamani iliyovuja. Tundu la hewa lililo juu ukutani, ambalo mafundi wengi huliweka na wapangaji wengi huliziba kwa gazeti, linapaswa kubaki wazi.